Miaka 100 Tangu Kuanguka kwa Dola ya Rif: Tunakumbuka Nini, na Tunasahau Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Tarehe 27 Mei 2026 inatimia miaka 100 tangu Muhammad bin Abdulkarim Al-Khattabi alipojisalimisha kwa jeshi la Ufaransa katika milima ya kaskazini ya Morocco. Siku hiyo ndiyo iliyomaliza maisha mafupi ya dola ya Rif. Kwa hesabu yetu ya Hijria miaka hiyo ilikwishatimia zamani, kwani tukio lilikuwa mwezi wa Dhulqaada 1344.

Vijana wetu wanamjua mtu huyu kupitia simu. Zinazunguka video fupi zenye picha yake, kilemba kichwani, bendera nyekundu nyuma, na maneno kwamba mkulima mwenye bunduki kuukuu aliwashinda wazungu. Mwanafunzi wetu mmoja alituonyesha video hiyo baada ya darsa, kisha akatuuliza: "Sheikh, kama walikuwa katika haki na Allah akawapa nusra namna ile, mbona dola yao haikudumu hata miaka sita?"

Swali hili ni zuri, na tuliona jibu la dakika mbili pale mlangoni pa msikiti halitoshi. Makala haya ndiyo jibu letu kwake na kwa wenzake.

Rif na kadhi wake

Rif ni nchi ya milima inayopakana na Bahari ya Kati, upande wa kaskazini wa Morocco. Wenyeji wake wengi ni Waamazigh, Waislamu wa madhehebu ya Imam Malik, na waliishi kwa makabila. Mwaka 1912 Sultani wa Morocco alitia saini Mkataba wa Fez na Ufaransa, nchi ikawa chini ya "himaya". Mwishoni mwa mwaka huohuo Ufaransa na Hispania zikagawana: sehemu kubwa ya nchi kwa Mfaransa, na ukanda wa kaskazini, pamoja na Rif, kwa Mhispania. Watu wa Rif hawakuulizwa. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana namna gani wageni wawili wanakaa mezani wakagawana nchi ya watu wengine.

Muhammad bin Abdulkarim alizaliwa Ajdir miaka ya 1880, katika kabila la Bani Waryaghil. Baba yake alikuwa kadhi. Yeye mwenyewe alisoma Qarawiyyin, chuo maarufu cha Fez, kisha akaenda Melilla, mji ulioshikwa na Mhispania. Huko alisomesha, akaandika katika gazeti la Kihispania lililokuwa na sehemu ya Kiarabu, akafanya kazi katika ofisi ya mambo ya wenyeji, na hatimaye akawa kadhi mkuu. Mdogo wake alipelekwa Madrid kusomea uhandisi wa madini.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu video hazilisemi. Huyu hakuwa mkulima aliyeamka siku moja akashika bunduki. Alikuwa mwanachuoni na mtumishi wa serikali, aliyekaa na mkoloni zaidi ya miaka 10, akaijua lugha yake, sheria zake na udhaifu wake. Kwa muda mrefu aliamini kwamba watu wake watafaidika kwa kushirikiana na Hispania. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitiwa gerezani kwa maneno yake dhidi ya Ufaransa na himaya. Alijaribu kutoroka kwa kushuka ukuta, akavunjika mguu, na akachechemea maisha yake yote. Baada ya vita alirudi Ajdir. Baba yake alifariki mwaka 1920, na jukumu la kuwaongoza watu likamwangukia yeye.

Annual

Mwaka 1921 Jenerali Manuel Fernández Silvestre alisukuma jeshi lake kutoka Melilla kuingia ndani ya milima. Aliweka vituo vidogo vingi, kimoja mbali na chengine, vingi havina hata maji. Mwezi wa Juni kituo cha Abarran kilivamiwa. Tarehe 21 Julai kikaanguka Igueriben, ambako askari waliozingirwa waliteseka kwa kiu. Kesho yake, tarehe 22 Julai, kambi kuu ya Annual ikavunjika, na jeshi lote likakimbia njia nzima kurudi Melilla. Silvestre alikufa hapo hapo. Hesabu za Wahispania waliouawa katika wiki hizo chache zinatofautiana, nyingi zikiwa kati ya 8,000 na zaidi ya 10,000. Katika vita vya ukoloni barani Afrika ni machache sana yanayolingana na hayo. Nchini Hispania kwenyewe tukio hilo lilitikisa serikali, na mwaka 1923 Jenerali Primo de Rivera akapindua na kutawala kwa mabavu.

Hapo ndipo video nyingi zinapoishia. Sisi tunaona hapo ndipo habari yenyewe inapoanza, kwa sababu asubuhi ya pili baada ya ushindi watu wanahitaji kadhi, wanahitaji chakula na wanahitaji amani baina yao.

Dola ilijengwa juu ya nini

Mwezi wa Septemba 1921 wakuu wa makabila walitangaza uhuru wa Rif, na mwanzoni mwa 1923 wakampa Muhammad bin Abdulkarim bai'a ya kuwa Amiri wao. Makao makuu yalikuwa Ajdir.

Tatizo la kwanza alilolikabili halikuwa Hispania. Lilikuwa kisasi. Kabla ya dola hiyo, mtu wa Rif aliyeuliwa ndugu yake aliona ni aibu kwenda kwa kadhi. Nyumba zilijengwa mbali mbali, na wenyewe walijenga buruji za mawe ili kuwapigia risasi majirani. Wakuu wa ukoo walitoza faini za mauaji na kuzigawana wao kwa wao, kwa hivyo wapo waliofaidika na damu kumwagika.

Amiri alikataza kisasi. Aliamrisha buruji zibomolewe. Aliondoa faini za ukoo na akaweka makadhi wanaohukumu kwa Sharia, muuaji akashtakiwa kama mtu mmoja badala ya ukoo mzima kuwindwa. Aliwahimiza watu kusimamisha sala. Alianzisha jeshi la kudumu lenye mshahara, akavuta nyaya za simu kutoka makao yake hadi sehemu za vita, na akafungua njia mpya milimani. Watafiti waliokwenda kuishi Rif miaka mingi baadaye waliwakuta wazee wakikumbuka wakati huo kwa jambo moja kubwa: mtu aliweza kusafiri bila ya kuogopa kupigwa risasi na mwana wa ammi yake.

Ndugu zetu, hapa tukumbuke kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.). Muhajir mmoja na Ansari mmoja waligombana, kila mmoja akawaita watu wake. Mtume (S.A.W.) aliwakataza wito huo wa kijahilia na akauita kitu kinachonuka. Hao walikuwa Masahaba, na majina yenyewe Muhajirina na Ansari ni majina ya sifa ndani ya Qur'ani. Ikiwa jina tukufu likigeuzwa kuwa la kikabila linanuka, itakuwaje kwa majina yetu sisi ya koo, visiwa na vyama?

Jamhuri au imara?

Wapo wanaouliza kama ile ilikuwa "jamhuri" kwa mfano wa Kizungu au utawala wa Kiislamu. Katika barua zilizokwenda Ulaya neno jamhuri lilitumika, kwa sababu ndilo ambalo mataifa ya wakati ule yangelifahamu, na dola hii ilitaka itambuliwe. Ndani ya nchi watu walikuwa na Amiri waliyempa bai'a, baraza la wakuu wa makabila waliokuwa wakishauriana, na makadhi wa Sharia. Noti za fedha zilichapishwa, ingawa hazikuenea mikononi mwa watu. Hakuna dola yoyote iliyoitambua.

Kwa rai yetu, kugombania jina kunatupotezea wakati. Maulamaa wa fiqhi wamezoea kusema kwamba kinachozingatiwa katika mikataba ni makusudio na maana kabla ya matamshi. Tuulize: je, damu ilihifadhiwa? Je, mnyonge alipata haki yake kwa kadhi? Kwa kiasi kikubwa, katika miaka ile michache, ndiyo.

Tusiyoyapenda kuyasema

Allah (S.W.) anatuamrisha katika Suratul-Maidah, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitufanye tukaacha uadilifu. Kwa hivyo hatutaficha yaliyotokea Monte Arruit. Tarehe 9 Agosti 1921 askari wa Kihispania waliozingirwa hapo walikubali kuweka silaha chini kwa ahadi ya kuachiwa wapite salama. Walipotoka, wengi wao waliuliwa, na maiti zilizokutwa baadaye zilihesabiwa kwa maelfu. Jenerali wao na maofisa wachache walichukuliwa mateka. Kiongozi wa Rif hakuwepo mahali hapo, na wanahistoria wanasema makabila yaliyofanya hayo hayakuwa bado chini ya amri yake. Hata hivyo, kuua baada ya kutoa amani ni khiana, na Uislamu haukuhalalisha khiana kwa adui yeyote. Inasemwa kwamba hofu ya jambo kama hilo ni moja ya sababu zilizomfanya azuie watu wake wasiingie Melilla, mji ambao siku zile ulikuwa karibu hauna ulinzi. Wengine wanaliita hilo kosa la kivita. Huenda. Sisi tunaona mtu aliyejua kwamba jeshi lisilotii amri ni hatari kwa mwenye nalo kabla ya kuwa hatari kwa adui.

Ama mateka waliobaki, waliachiwa Januari 1923 kwa fidia ya takriban peseta milioni 4, pamoja na kuachiwa wafungwa wa Rif. Kuachia mateka kwa fidia kuna asili yake katika Suratu Muhammad, aya ya 4. Lakini wapo wengi waliokufa kwa maradhi wakiwa kizuizini, na hilo nalo liandikwe.

Kwa nini ilianguka

Tuanze na la nje, maana si uadilifu kumlaumu aliyepigwa kabla ya kumtaja aliyempiga.

Kuanzia 1923 na 1924 Hispania ilitumia gesi ya sumu juu ya Rif, hasa gesi ya haradali, ile inayounguza ngozi, macho na mapafu. Mkemia wa Kijerumani, Hugo Stoltzenberg, aliwasaidia kuitengeneza. Mabomu yake yaliangushwa na ndege, na wanahistoria wameonyesha kwa nyaraka za jeshi lenyewe kwamba masoko na vijiji vililengwa. Mwezi wa Juni 1925 mataifa yalitia saini Itifaki ya Geneva ya kuharamisha silaha hizo vitani, Hispania ikiwa miongoni mwao, na mabomu yakaendelea kuanguka juu ya Waislamu wa Rif. Mwaka 2007 hoja ilipelekwa katika Bunge la Hispania kutaka jambo hili likubaliwe rasmi. Ilikataliwa. Vyama vya wenyeji wa Rif mpaka leo vinaihusisha gesi hiyo na maradhi ya saratani katika eneo lao. Kuthibitisha uhusiano huo ni kazi ya madaktari, lakini kuna haki moja isiyohitaji maabara, nayo ni kukiri kosa.

Kisha ikaja vita na Ufaransa. Mwezi wa Aprili 1925 majeshi ya Rif yalivuka kuingia sehemu ya Mfaransa katika bonde la mto Ouergha, ambako Ufaransa ilikuwa imejenga vituo na kuwakatia watu wa Rif njia ya nafaka. Walishinda kwanza, wakakaribia Fez. Lakini sasa wakawa na maadui wawili. Ufaransa ilimleta Marshal Pétain, mashuhuri wa Verdun. Tarehe 8 Septemba 1925 Wahispania, wakisaidiwa na manowari za Ufaransa, waliteremsha takriban askari 13,000 katika ghuba ya Alhucemas, karibu kabisa na Ajdir. Ulikuwa uteremshaji mkubwa wa vifaru, ndege na meli kwa pamoja. Mapema Oktoba Ajdir ikaanguka. Jumla ya majeshi ya dola mbili hizo ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, dhidi ya nchi ya milima yenye mavuno haba. Na ndani ya majeshi hayo walikuwemo Waislamu wengi wa Morocco yenyewe na wa makoloni mengine. Serikali ya Sultani nayo ilikuwa upande wa Ufaransa. Kwa upande mwengine tutaje kwa haki kwamba ndani ya Ufaransa wapo wafanyakazi na wanasiasa waliopinga vita hivyo hadharani, mwaka 1925, na wao si Waislamu.

Sasa tuje kwa la ndani. Baada ya kushindwa, jarida la *Al-Manar* la Sheikh Rashid Rida, Cairo, lilichapisha maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa Al-Khattabi mwenyewe kuhusu sababu za kushindwa kwake. Kwa ufupi alieleza kwamba alitaka dola huru ya kudumu, lakini wengi, hata waliokuwa karibu naye, walidhani vita vikimalizika kila kabila litarudi katika uhuru wake wa zamani. Aliwalaumu pia baadhi ya masheikh wa twarika waliokaa mbali na jihadi ile au wakaipinga kwa kulinda heshima na mapato yao. Na alikiri kwamba jambo lake lilikuja kabla ya wakati wake.

Tunaomba maneno haya yasifanywe silaha dhidi ya watu wa twarika wote. Amiri Abdulkadir wa Algeria, aliyepigana na Mfaransa tangu 1832 hadi 1847 na akaanzisha dola yake, alikuwa Kadiri. Umar Mukhtar wa Libya alikuwa Sanusi. Aliyelaumiwa ni yule mwenye cheo cha dini anayepima haki kwa maslahi yake, na huyo anapatikana katika kila kundi, likiwemo letu sisi tunaosomesha vyuoni na kupokea mishahara.

Hebu tulitazame lile la kwanza, kwamba watu walidhani dola ni ya muda wa vita tu. Katika Suratul-Anfal, aya ya 46, Allah (S.W.) anatukataza kuzozana, na anatuonya kwamba matokeo yake ni kuvunjika moyo na kuondokewa na nguvu. Ibn Khaldun, naye ni mtu wa Maghribi, alieleza karne sita zilizopita namna umoja wa kabila unavyoweza kusimamisha utawala. Al-Khattabi alikuwa na mtihani mgumu zaidi: kuyaunganisha makabila yaliyokuwa na madeni ya damu baina yao, kwa miaka mitano tu, huku mabomu yakianguka. Buruji za mawe alizibomoa. Zile zilizomo vifuani zinataka kizazi kizima cha watoto waliosoma pamoja, waliooana, waliozoea kwenda kwa kadhi. Muda huo hakupewa.

Hili ndilo jibu letu kwa mwanafunzi wetu. Nusra ya Allah ilikuja, na haki yao haikupungua kwa kushindwa kwao, kama ambavyo Waislamu hawakuwa katika batili siku ya Uhud. Lakini kumtoa dhalimu ni faradhi moja, na kujenga baada yake ni faradhi nyengine. Ya kwanza huweza kumalizika siku moja, kama Annual. Ya pili haina siku ya kumalizika.

Kisiwa cha uhamisho

Mwaka 1926 Mfaransa alimhamisha yeye na aila yake hadi kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Alikaa huko zaidi ya miaka 20. Wakoloni walikuwa na mazoea hayo ya kuwatupa visiwani wale wasioweza kuwaua. Sisi Wazanzibari tunamkumbuka Sayyid Khalid bin Barghash, ambaye baada ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa Saint Helena na Shelisheli, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Mwaka 1947 Ufaransa ilikubali kumrudisha Al-Khattabi Ulaya. Meli yake ilipopita Misri alishuka, akaomba hifadhi, akapewa. Akiwa Cairo aliongoza kamati ya ukombozi wa nchi za Maghribi. Morocco ilipopata uhuru mwaka 1956 hakurudi, akishikilia kwamba uhuru haujatimia madamu majeshi ya kigeni yangalipo Maghribi. Alifariki Cairo Februari 1963, na kaburi lake lipo huko mpaka leo. Rahimahullah.

Leo: Hirak na neno "fitna"

Kwa nini tunaliandika hili katika ukurasa wa habari za leo? Kwa sababu Rif haikumalizika 1926. Baada ya uhuru, miaka ya 1958 na 1959, uasi ulizuka huko na ukazimwa kwa nguvu kubwa. Kisha tarehe 28 Oktoba 2016, katika mji wa Al Hoceima, karibu na Ajdir ile ile, mchuuzi wa samaki alinyang'anywa samaki wake na maofisa. Wakatiwa ndani ya gari la taka. Aliruka ndani kuwaokoa, mashine ikafanya kazi, akasagwa akafa. Maandamano yaliyofuata, yaliyoitwa Hirak, yaliendelea kwa miezi. Waliotoka barabarani walidai ajira, chuo kikuu, barabara, na hospitali ya kutibu saratani. Wengi walibeba bendera ya dola ya Rif na picha ya Al-Khattabi.

Ijumaa ya tarehe 26 Mei 2017, katika msikiti mmoja wa mji huo, khatibu aliyazungumza maandamano hayo juu ya mimbari kama ni fitna. Kiongozi wa vijana, Nasser Zefzafi, alisimama akapaza sauti kumpinga. Siku tatu baadaye alikamatwa, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa mashtaka ya kuhatarisha usalama wa nchi. Wapo wenzake waliosamehewa baadaye.

Tuliulizwa wakati ule, na tunaulizwa bado: nani alikosea?

Kuhusu aliyesimama: kunyamaza wakati wa khutba ni jambo lililosisitizwa sana. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, hata anayemwambia mwenzake anyamaze amefanya upuuzi. Jamhuri ya maulamaa wanasema kuzungumza ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba ni makuruhu. Ni kweli kwamba imethibiti mtu kumsemesha khatibu kwa haja, kama yule aliyemwomba Mtume (S.A.W.) dua ya mvua, na ni kweli kwamba baadhi ya maulamaa wa Kimaliki wanaona khatibu akitoka katika khutba akaingia katika upuuzi na matusi, wajibu wa kumnyamazia unaondoka. Lakini kutonyamaza ni jambo moja, na kupiga kelele msikitini hadi Ijumaa ya watu ikavurugika ni jambo jengine. Hilo hatulikubali.

Kuhusu aliyekuwa juu ya mimbari: mzigo wake ni mzito zaidi. Kudai hospitali si fitna. Mama mgonjwa kusafiri mamia ya kilomita kutafuta tiba, na kusema hadharani kwamba hali hii haifai, si fitna. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwezi wa Oktoba 2017 Mfalme wa Morocco mwenyewe aliwafukuza kazi mawaziri kadhaa kwa kuchelewesha miradi ya maendeleo iliyoahidiwa Al Hoceima. Basi serikali yenyewe ilithibitisha kwamba walichokilalamikia watu kilikuwa kweli. Mawaziri walipoteza vyeo, na vijana walibaki jela. Yule khatibu, lau angelisema Ijumaa ile kwamba madai ni ya haki, na kwamba njia ya kudai iwe ya amani na adabu, angelinasihi pande zote mbili.

Neno fitna ni neno la Qur'ani, lina uzito wake, na maulamaa wakubwa walilitumia kwa hofu. Likitumika kila mnyonge anapofungua mdomo, siku fitna ya kweli itakapobisha hodi hakuna atakayetusikiliza.

Nasaha zetu

Kwa vijana: msiishie Annual. Mwenye kumpenda Al-Khattabi na amuige katika miaka yake ya Qarawiyyin na ya ukadhi, alipokuwa akisoma lugha na sheria za adui yake, kabla ya kumuiga katika bunduki. Na mtu akikwambia kwamba kumwaga damu ndani ya nchi yako ni kufuata njia ya Rif, mkumbushe kwamba kazi ya kwanza ya dola ya Rif ilikuwa kuzuia Waislamu wasiuane.

Kwa masheikh wenzetu: kila mmoja wetu ajiulize ni mara ngapi amenyamaza mbele ya dhulma akaita kunyamaza kwake hekima. Tunaanza kujiuliza sisi tunaoandika.

Kwa wenye madaraka popote walipo: watu wanaobeba bendera ya dola iliyokufa karne moja iliyopita wana jambo wanalolikosa katika dola iliyo hai. Wapeni hospitali kwanza, kisha zungumzeni nao kuhusu bendera. Sisi ni watu wa visiwa. Tumekua tukiwasikia wazee wetu wakihesabu tawala kwa miezi, na tumeona namna kumbukumbu isiyozungumzwa inavyorithiwa na wajukuu ikiwa moto zaidi kuliko ilivyokuwa kwa babu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliokufa katika milima ile, awape shifaa wagonjwa wao, awafungulie wafungwa waliodhulumiwa kila pahala, aunganishe nyoyo za Waislamu, na atujaalie tuwe wenye kusimamia haki japo dhidi ya nafsi zetu. Aamin.

Wallahu a'lam.